Swali Kabla ya Asilimia: Maneno ya Swali na Uchunguzi wa Maoni ya Kisiasa

Mwaka 1941 jarida la kitaalamu la Marekani liitwalo Public Opinion Quarterly lilichapisha taarifa fupi ya mtafiti Donald Rugg. Makundi mawili ya wananchi wa nchi hiyo, yaliyochaguliwa kwa namna moja, yalikuwa yameulizwa jambo lile lile kwa maneno tofauti. Kundi la kwanza liliulizwa: "Je, unafikiri Marekani ikataze hotuba za hadhara zinazoipinga demokrasia?" Kundi la pili liliulizwa: "Je, unafikiri Marekani iruhusu hotuba za hadhara zinazoipinga demokrasia?" Wakiondolewa wale wasiokuwa na maoni, asilimia 54 ya kundi la kwanza walisema zikatazwe. Katika kundi la pili, asilimia 75 walisema zisiruhusiwe.

Kwa mantiki, kisichoruhusiwa kimekatazwa. Hakuna sheria iwezayo kukaa katikati ya mambo hayo mawili. Hata hivyo pengo la pointi 21 lilijitokeza, na chanzo chake kilikuwa neno moja tu. Mwanasiasa aliyetaka kuwafunga watu vinywa angeweza kutangaza kuwa robo tatu ya taifa iko nyuma yake. Mpinzani wake angeweza kutangaza kuwa taifa limegawanyika karibu nusu kwa nusu. Wote wawili wangekuwa na tarakimu za kweli mkononi.

Kabla ya kuendelea, hapana budi kutenganisha maana. Katika Kiswahili jina "kura ya maoni" limebebeshwa mizigo mitatu: uamuzi wa wapiga kura wote juu ya jambo kubwa kama vile katiba, uteuzi wa wagombea ndani ya chama, na kazi ya watafiti ya kuwauliza watu wachache ili kukadiria mawazo ya wengi. Makala haya yahusu hasa jambo la tatu, nalo litaitwa uchunguzi wa maoni.

KOSA LINALOANDIKWA NA KOSA LISILOANDIKWA

Mnunuzi wa nafaka hafungui kila gunia. Huchoma bambo hapa na pale, akatazama punje chache zilizotoka, akaamua bei ya shehena nzima. Njia hiyo ni salama mradi bambo lichome magunia bila upendeleo. Akichoma yale ya mlangoni tu, ambayo muuzaji ameyapanga kwa hila, hasara ni yake.

Uchunguzi wa maoni hufuata kanuni hiyo hiyo. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, kisha likabashiri kuwa Alf Landon atamshinda Rais Franklin D. Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani magunia ya mlangoni. Tangu hapo wataalamu wamejifunza kuchagua wahojiwa kwa nasibu, na hesabu imewapa kipimo cha kosa litokanalo na bahati. Kwa asilimia zilizo karibu na 50, na kwa uhakika wa asilimia 95, kosa hilo hukadiriwa kwa kugawa 1 kwa kipeo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Kipeo cha pili cha 1000 ni kama 31.6, kwa hiyo kosa ni kama 0.032, yaani pointi 3 juu au chini. Kwa watu 2400 ni pointi 2.

Hicho ndicho kipimo kinachochapishwa chini ya jedwali magazetini, nacho humtuliza msomaji kuliko inavyostahili. Kipimo hicho chasema jambo moja tu: iwapo swali lile lile lingeulizwa kwa maneno yale yale kwa watu wengine waliochaguliwa kwa njia ile ile, majibu yangetofautiana kwa kiasi gani. Juu ya swali lenyewe hakisemi lolote. Kama kila kundi la mwaka 1941 lingekuwa na watu 1000, tofauti ya bahati baina ya makundi mawili isingezidi kama pointi 4 na nusu. Pengo lililoonekana lilikuwa pointi 21. Kuongeza wahojiwa hata wafike milioni kusingeliondoa, kwa kuwa bambo lilichoma vizuri. Lililopotosha ni jicho la mnunuzi.

Yafaa kuuliza ni akina nani walioyumbishwa na neno hilo. Mwenye imani thabiti hujibu sawasawa kwa njia zote mbili. Anayeyumba ni yule ambaye hajalifikiria jambo kwa kina. "Kukataza" ni kitendo cha nguvu. Chamleta akilini polisi, faini, jela. "Kuruhusu" nako ni kitendo, kana kwamba serikali yatoa baraka zake. Mtu asiye na msimamo huogopa vitendo vyote viwili. Akiulizwa kuhusu kukataza husema hapana. Akiulizwa kuhusu kuruhusu pia husema hapana. Hapana zake mbili huhesabiwa katika pande mbili zinazopingana. Howard Schuman na Stanley Presser walirudia jaribio hilo katika miaka ya 1970, wakati ambapo Wamarekani walio tayari kukataza hotuba walikuwa wamepungua sana. Pengo baina ya maneno hayo mawili bado lilikuwapo.

Si lazima neno liwe zito ili liyumbishe majibu. Stanley Payne, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya sanaa ya kuuliza maswali, alieleza jaribio ambamo watu waliulizwa kama kuna jambo linalopasa kufanywa ili kuwarahisishia wananchi kulipa gharama za daktari na hospitali. Asilimia 82 waliitikia. Neno la "kupasa" lilipobadilishwa kuwa la "kuweza", walioitikia walikuwa 77. Lilipowekwa neno la "huenda", walikuwa 63. Mfasiri wa hojaji anayeona kwamba "yapasa", "yafaa" na "yaweza" ni ndugu wa tumbo moja na ajihadhari.

TAIFA LILILOSINGIZIWA

Mfano ufuatao wastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa kosa halikubaki ndani ya vitabu vya wataalamu. Mwishoni mwa mwaka 1992 kampuni ya Roper ilifanya uchunguzi nchini Marekani kwa niaba ya Kamati ya Wayahudi wa Marekani juu ya mauaji ya mamilioni ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Matokeo yalitangazwa mwezi Aprili 1993, majuma yale yale ilipofunguliwa mjini Washington makumbusho ya taifa ya mauaji hayo. Asilimia 22 ya wahojiwa walionekana kusema kuwa yawezekana mauaji hayo hayakutokea kamwe. Asilimia 12 zaidi walisema hawajui. Mtu mmoja kati ya watatu, basi, alionekana kutilia shaka tukio lililothibitishwa kwa nyaraka, kwa mashahidi na kwa makaburi. Habari hiyo ilienea haraka. Manusura wa kambi za mauaji, ambao baadhi yao walikuwa hai na kuyasoma magazeti hayo, waliambiwa kwa lugha ya tarakimu kwamba theluthi moja ya nchi iliyowapokea haiyaamini yaliyowapata.

Ndipo wataalamu walipolitazama swali. Liliulizwa hivi: "Je, kwako yaelekea inawezekana au yaelekea haiwezekani kwamba Wanazi hawakuwahi kuwaangamiza Wayahudi?" Msomaji na ajaribu kulijibu kwa haraka, kama mtu aliyesimamishwa mlangoni huku chungu ki motoni. Mwenye kuamini kuwa mauaji yalitokea hana budi kusema "haiwezekani", yaani akanushe jambo ambalo lenyewe tayari ni kanusho. Kukanusha juu ya kukanusha ni mtego, na watu wengi wenye akili timamu walinaswa.

Mwaka 1994 kampuni hiyo ilirudi kuuliza upya kwa maneno yaliyonyoshwa: je, waona yawezekana kwamba mauaji hayo hayakutokea, au una hakika kuwa yalitokea? Safari hii asilimia 91 walisema wana hakika, asilimia 8 walisema hawajui, na waliosema yawezekana hayakutokea walikuwa kama 1 tu kwa mia. Kampuni ilikiri kosa lake hadharani. Watu milioni nyingi wa Marekani hawakuwa wamebadili imani yao katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Kilichobadilika ni sentensi.

Kwa wanaouliza kwa Kiswahili hatari hii ni kubwa zaidi, na sababu yake imo katika lugha yenyewe. Anayeulizwa "Hujala?" aweza kujibu "Ndiyo, sijala", kwa kuwa "ndiyo" yetu huthibitisha kauli ya muulizaji. Katika Kiingereza jibu la kawaida hapo ni "hapana". Hojaji nyingi hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zikatafsiriwa. Likitafsiriwa swali kama "Je, huoni kwamba madiwani hawasikilizi wananchi?", mhojiwa mmoja atasema "Ndiyo" akiwa na maana ya "ndiyo, sioni hivyo", na jirani yake atasema "Ndiyo" akiwa na maana ya "ndiyo, hawasikilizi". Mhoji hutia alama katika kisanduku kimoja kwa wote wawili, na hakuna mtambo wa kuhesabia, hata uwe wa kisasa namna gani, utakaoweza kuwatenganisha baadaye.

UUNGWANA NA ITIKIO LA NDIYO

Aghalabu watu huelekea kuikubali kauli wanayosomewa. Katika miaka hiyo ya 1970 Schuman na Presser walilisomea kundi moja la Wamarekani kauli kwamba watu binafsi ndio wa kulaumiwa kwa uhalifu kuliko hali ya jamii. Asilimia 60 walikubali. Kundi jingine lilisomewa kauli iliyogeuzwa, kwamba hali ya jamii ndiyo ya kulaumiwa kuliko watu binafsi. Asilimia 57 nao walikubali. Kila upande, basi, ulikuwa na wingi wake.

Katika nchi ambamo mgeni hukaribishwa kiti kabla hajaulizwa shida yake, si ajabu ikiwa mwenyeji ataona ni utovu wa adabu kumpinga mtu aliyekuja na karatasi na kalamu, hasa akidhani ametumwa na serikali. Ndiyo maana watafiti makini huacha kuuliza "Je, unakubali kwamba...?" na badala yake huweka kauli mbili zenye uzito sawa, kisha wakauliza ipi iko karibu zaidi na mawazo ya mhojiwa. Mtandao wa Afrobarometer, uliofanya uchunguzi wake wa kwanza Tanzania mwaka 2001, huuliza hivyo kuhusu vyama vya siasa: kauli moja husema kuwa vyama vingi huleta mgawanyiko na vurugu na hivyo havihitajiwi, nyingine husema kuwa vyama vingi vyahitajiwa ili wananchi wawe na uchaguzi wa kweli. Kukataa kauli moja hapo si kumkatalia mgeni, maana nyingine pia ni ya kwake.

Tahadhari hiyo imefika hata katika kura rasmi. Serikali ya Uskoti ilipokusudia kuwauliza wananchi wake, "Je, unakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru?", Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ilishauri mapema mwaka 2013 kwamba neno "unakubali" lingeweza kuwavuta watu upande wa ndiyo. Likaondolewa. Tarehe 18 Septemba 2014 swali lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa "Je, Uskoti iwe nchi huru?", na kama asilimia 55 walisema hapana.

JINA, MPANGILIO, NA JAMBO LISILOKUWAPO

Jina la kitu huleta hisia zake. Tangu mwaka 1984 uchunguzi mkubwa wa jamii ya Marekani umekuwa ukiuliza nusu ya wahojiwa kama serikali yatumia fedha kidogo mno kwa "ruzuku za ustawi", na nusu nyingine kama yatumia kidogo mno kwa "misaada kwa maskini". Katika miaka ya mwanzo waliosema "kidogo mno" walikuwa kati ya asilimia 20 na 25 kwa jina la kwanza, na kati ya 63 na 65 kwa la pili. Jina la kwanza lilikwisha kuchafuliwa katika siasa za huko kwa hadithi za wavivu. Jina la pili bado lilikuwa na huruma ndani yake. Watanzania walielewa jambo la namna hii muda mrefu. Katika chaguzi za chama kimoja, kuanzia mwaka 1965, wagombea wawili wa ubunge walipewa alama za jembe na nyumba zilizokusudiwa zisiwe na maana yoyote. Lakini jembe kwa mkulima haliwezi kukosa maana.

Swali pia hurithi mambo kutoka kwa swali lililolitangulia. Mwaka 1948 Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari wa Kikomunisti kutoka nchi nyingine waruhusiwe kuingia Marekani na kupeleka habari kwao kama wazionavyo. Swali hilo lilipoulizwa la kwanza, waliokubali walikuwa kama asilimia 37. Lilipotanguliwa na swali kama Urusi iwaruhusu waandishi wa Kimarekani, waliokubali walifikia 73. Aliyekwisha kudai haki kwa ndugu zake huona haya kumnyima mgeni haki hiyo hiyo sekunde chache baadaye. Hapa maneno ya swali hayakuguswa hata kidogo. Kwa hiyo gazeti likichapisha swali moja peke yake, bado halijaeleza yote.

Yapo hata maoni juu ya jambo lisilokuwapo. George Bishop na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, waliwauliza wakazi wa Cincinnati kuhusu kufutwa kwa "Sheria ya Mambo ya Umma ya mwaka 1975". Sheria hiyo ilikuwa ya kubuni. Kama theluthi moja ya wahojiwa walitoa maoni yao, kwa au dhidi. Walipoulizwa kwanza kama wana maoni yoyote juu yake, idadi hiyo ilipungua sana. Watu hao si waongo. Aliulizwa mtu, akaona aibu kuonekana hajui, akatoa jibu lililoelekea kufaa. Kisanduku cha "sijui", kikiwekwa wazi na bila kumdhalilisha mtu, huokoa uchunguzi mwingi.

ASILIMIA 80 ZA MWAKA 1991

Tanzania inao mfano wake, ingawa haukuwa uchunguzi wa sampuli ya nasibu. Mwaka 1991 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi juu ya kuendelea na chama kimoja au kuingia katika vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee; kama asilimia 20 walitaka vyama vingi. Kama kazi ingeishia katika tarakimu hizo mbili, jibu lingekuwa limekwisha kupatikana.

Lakini Tume ilisikiliza maelezo, haikuhesabu vidole tu. Wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa katika mwenendo wake. "Chama kimoja" kwa mmoja kilikuwa na maana ya hali iliyopo. Kwa mwingine kilikuwa na maana ya amani na umoja, pamoja na marekebisho ambayo hali iliyopo isingeyaruhusu. Swali lenye milango miwili lilikuwa limewaingiza wote hao katika chumba kimoja. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwezi Julai 1992 sheria ikabadilika. Wapo waliosema, na wapo wanaosema bado, kwamba wachache walipewa ushindi juu ya wengi. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini anayeitoa hana budi kueleza kwanza wale asilimia 80 walikubaliana juu ya nini hasa.

JARIBIO LA SHULENI

Njia iliyotumiwa mwaka 1941 yaweza kurudiwa katika shule yoyote bila gharama zaidi ya karatasi. Mwalimu atayarishe karatasi za aina mbili zenye swali moja. Aina A: "Je, shule ikataze wanafunzi wa bweni kuwa na simu?" Aina B: "Je, shule iruhusu wanafunzi wa bweni kuwa na simu?" Majibu yawe matatu: ndiyo, hapana, sina maoni. Karatasi zichanganywe kwa zamu, A ikifuatwa na B, kisha zigawiwe bila kuchagua. Zisigawiwe kwa darasa zima aina moja, maana hapo tofauti ya umri itachanganyika na tofauti ya maneno. Wanafunzi wasiambiwe mapema kuwa karatasi ni za aina mbili.

Baada ya kuhesabu, waliosema "ndiyo" kwa A walinganishwe na waliosema "hapana" kwa B. Kosa la tofauti baina ya makundi mawili yaliyo sawa hukadiriwa kwa kuzidisha kosa la kundi moja kwa 1.41. Katika shule yenye wanafunzi 400, kila kundi lina 200. Kosa la kundi ni 0.071, na la tofauti ni kama 0.10. Kwa hiyo tofauti ya pointi 10 au chini yake yaweza kuwa bahati tu. Darasa moja la wanafunzi 40 halitoshi: kila kundi litakuwa na 20, na hata tofauti ya pointi 30 haitathibitisha kitu. Jambo hilo peke yake lafaa kuonyeshwa ubaoni, kwa kuwa wanafunzi hushangazwa nalo kuliko matokeo yenyewe.

MAZOEZI

1. Chukulia kwamba kila kundi la mwaka 1941 lilikuwa na watu 900. Kokotoa kosa la kila kundi na kosa la tofauti. Je, pengo la pointi 21 laweza kuelezwa kwa bahati?

2. Tunga upya swali hili ili jibu la "ndiyo" liwe na maana moja tu: "Je, si kweli kwamba wananchi hawapaswi kutozwa kodi ya kichwa?"

3. Swali lifuatalo lina maswali mawili ndani yake: "Je, umeridhika na bei na ubora wa pembejeo?" Mkulima aliyeridhika na ubora lakini si na bei atajibu nini? Ligawe.

4. Tafuta katika gazeti habari moja yenye asilimia za maoni ya wananchi. Andika swali lililoulizwa, neno kwa neno, na swali lililolitangulia. Ikiwa gazeti halikuvichapisha, andika maswali mawili tofauti ambayo yangeweza kuzaa asilimia hizo.